Utambulisho Uliogoma Kuisha

Katika karakana ya vioo walimwita Chapchap, na tafadhali usidhani jina hilo alilipata kwa mbio. Alilipata kama mtu mnene anavyoitwa Sindano. Ukimuuliza kama anakunywa chai, jibu litakukuta unaosha kikombe. Si mzito wa akili, la; akili anazo hadi za kumwazima jirani. Ila neno kwake lazima lipimwe, lipimwe tena, ndipo litoke, jinsi mjomba wake alivyomzoesha kupima kioo.

Mjomba huyo ndiye mkataji mkuu pale. Mikono yake ina makovu madogomadogo kama ramani ya mji wenye vichochoro vingi, na ana msemo mmoja anaoupenda kuliko chakula: "Kioo hakina kufuta." Ukikosea kuandika, anasema, unafuta. Ukikosea kukata, kilichobaki ni kumtafuta mteja mwenye dirisha dogo.

Chapchap aliingia kazini kupitia meza ya mapokezi, kupokea oda na kuwatuliza kwa simu wazazi wenye watoto wanaopenda mpira. Kati ya simu moja na nyingine akajifunza kuandika programu za kompyuta, peke yake, kimyakimya, na siku moja akamwonyesha bosi kitu. Unaingiza vipimo vya madirisha ya mteja. Programu inakuchorea namna ya kuvipanga vipande hivyo juu ya kioo kizima, kama unavyopanga nguo nyingi kwenye sanduku dogo, ili masalia ya kutupa yawe machache. Kabla ya hapo mjomba alikuwa akichora kwa chaki sakafuni, amepiga magoti, huku akigombana na magoti yenyewe.

Bosi, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alitazama, akakohoa, akasema, "Mapokezi tutatafuta mtu mwingine."

Hivyo ndivyo Chapchap alivyopandishwa cheo. Na kweli alipandishwa, kwa ngazi: ofisi yake mpya ilikuwa juu, kichumba kilichokuwa stoo ya fremu, chenye dirisha dogo lenye ufa uliozibwa kwa gundi ya karatasi. Karakana nzima ya vioo, na dirisha hilo hakuna aliyepata nafasi ya kulibadilisha.

Sasa, programu yake aliiandika kwa mtindo ambao waandishi wengi huukimbia, mtindo wa fankshoni. Usiogope, hata mjomba aliuelewa. Fankshoni ni kama fundi mdogo mwenye kazi moja. Unampa kitu, anakurudishia kitu. Ukimpa kilekile kesho, anakurudishia kilekile. Hachokonoi vya mwenzake na habadilishi alichopewa. Akitakiwa atoe kingine, anatengeneza kipya, cha zamani kinabaki kilivyo.

"Kwa hiyo huyo naye hana kufuta," mjomba alisema alipoelezwa, akamtazama mpwa wake kwa jicho la mtu aliyegundua kwamba ukoo haujapotea.

"Hana. Na lugha yenyewe ni mvivu, mjomba. Unaweza kuiambia iandae orodha ndefu mpaka mwisho wa dunia, ikasema sawa, halafu isifanye lolote. Inangoja uombe. Ukiomba tano, inatengeneza tano. Zilizobaki zinasubiri."

"Hiyo si lugha," mjomba akasema. "Hiyo ni binamu yako."

Watu wa mtindo huu walikuwa na jukwaa lao mtandaoni, wametawanyika dunia nzima lakini wanazungumza lugha moja na wanaumwa ugonjwa mmoja. Chapchap alilisoma kama wengine wanavyosoma riwaya za mapenzi. Mlangoni, yaani kwenye ukurasa wa kwanza, paliandikwa: *Mgeni njoo, mwenyeji apone.* Na nyumba ile ilikuwa na desturi zake. Huruhusiwi kuuliza kitu kabla hujajitambulisha, useme wewe ni nani, unafanya nini, na ubandike kipande cha programu yako unachokionea fahari. Ukishajitambulisha unaulizwa swali moja, na anayekuuliza si mkongwe yeyote. Ni yule mgeni aliyeingia kabla yako. Tena swali lenyewe liwe la kitu ambacho yeye hakijui kweli. Mitihani waliiacha shuleni.

Desturi nyingine ndiyo iliyomfunga Chapchap miguu. Kwenye jukwaa lile hakukuwa na kufuta. Watu wa fankshoni hawabadilishi kilichokwisha kuwepo, basi na maneno yao ni hivyohivyo: ukikosea, unaandika sahihisho chini yake, na kosa lako linabaki palepale likikutazama. Kwa mtu ambaye "ndiyo" yake hupimwa mara mbili, hilo lilikuwa kama kuambiwa aimbe uwanjani. Akakaa mwaka mzima dirishani, anachungulia, habishi hodi.

Lakini alichungulia kwa raha. Alizijua tambulisho za watu kwa moyo. Kulikuwa na Sikio, aliyeandika: "Natengeneza programu ya vifaa vya kusaidia kusikia. Mdogo wangu alizaliwa na masikio mazito. Siku ya kwanza alipovaa kifaa chenye programu yangu aliniambia sauti yangu ni mbaya. Nimeridhika." Kulikuwa na Bibi Chaki: "Nimefundisha hesabu hadi nikastaafu. Wajukuu wamenichoka, nikaandika programu ya kutatua mafumbo ya gazetini. Sasa na gazeti limenichoka." Na wa karibuni kabisa, Taa Nyekundu: "Mimi ndiye ninayeandika programu ya taa za barabarani. Yale mliyoyasema mkiwa mmesimama pale, yote yamenifikia."

Chini ya kila utambulisho kuna kipande cha programu, mistari mitatu, minne, imetulia kama vyombo vilivyooshwa na kupangwa. Chapchap alikuwa anavisoma taratibu, anarudia, anatikisa kichwa. Ule mstari wa Sikio unaotenganisha sauti ya mtu na kelele za barabarani aliusoma mpaka chai ikapoa, akahisi kama mtu aliyemwona mpishi akimenya kitunguu kizima bila kukata ganda. Halafu anajiuliza yeye ataandika nini. Mimi hupanga vioo? Anafunga ukurasa.

Kisha ikaja oda ya chuo.

Jengo jipya, ghorofa juu ya ghorofa, madarasa yamepangana kama meno, na madirisha karibu yote ya mtindo mmoja. Chapchap akaingiza vipimo, akabonyeza, akangoja. Kwa nyumba za kawaida programu ilikuwa ikijibu kabla hujaondoa kidole. Kwa chuo, kimya. Akaenda kula, akarudi, kimya. Kompyuta ikapata joto kama mgonjwa, feni yake ikahema kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni, na skrini haikutoa hata mstari.

Jumamosi mchana bosi alipanda ngazi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Inafikiri?" akauliza.

"Inafikiri, mama."

"Tangu juzi?"

Chapchap akaanza kupima jibu. Bosi hakungoja vipimo.

"Sikiliza, mwanangu. Jumatatu asubuhi tunaanza kukata. Ikitoa mpango, tunakata kwa mpango wako. Isipotoa, mjomba wako anarudi kwenye chaki na wewe unarudi mapokezini, maana huyo niliyemweka anawaambia wateja 'subiri kidogo' kisha anakata simu. Sina hasira na wewe. Lakini jengo lote lile nikilikata vibaya, wateja wenye madirisha madogo nitawatoa wapi?"

Akageuka kuondoka, akauona ufa wa dirishani, akaugusa kwa ncha ya kidole. "Na kioo hiki tutakibadilisha," akasema, kama alivyokuwa akisema kila alipokiona.

Miguu ya bosi iliposhuka ngazi yote, Chapchap alibaki na kompyuta inayohema. Alijua wapi kuna watu ambao wangemwambia ugonjwa ni nini. Alijua majina yao, kazi zao, na hata mdogo wa Sikio anavyopenda utani. Wao hawakujua kama yeye yupo duniani. Na ili aulize, ajitambulishe kwanza. Akapiga moyo konde, akafungua ukurasa.

Rasimu ya kwanza ilianza, "Mimi si mtu mkubwa." Akaisoma, akaona anaomba msaada wa nauli. Akaifuta. Ya pili ilikuwa na aya tatu na maneno yaliyovaa tai. Ya tatu ilisema "Habari zenu," na hiyo aliipenda, ila ilikuwa fupi mno kwa mtu anayetaka kuokolewa. Akairudia ya pili.

Mjomba akaingia na vikombe viwili vya chai, vumbi la kioo likimetameta kwenye nywele za mikono yake.

"Unaandika nini, barua ya mapenzi?"

"Najitambulisha, mjomba."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu wenyewe wanakujua?"

"Wangekuwa wananijua, ningejitambulisha kwa nini?"

"Hapo umejibu upesi," mjomba akasema. "Unaona, ukichokozwa unaweza." Akainama kwenye skrini, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mazishi: "'Mimi ni mtaalamu wa masuluhisho ya upangaji wa kimkakati.' Huyu ni nani? Mwambie atoke kwenye kiti cha mpwa wangu."

Chapchap akacheka mpaka chai ikamwagikia kibodi kidogo. Akafuta aya zote tatu, maana huku kwenye rasimu kufuta bado kulikuwepo, akaandika kwa mkupuo mmoja:

"Naitwa Chapchap. Nimewasoma mwaka mzima bila kupiga hodi, mnisamehe. Nafanya kazi kwenye karakana ya vioo. Mjomba wangu anakata, mimi nampangia pa kukata. Niliupenda mtindo huu kwa sababu kioo hakina kufuta, na ninyi pia hamna. Hapa chini ni fankshoni yangu inayotoa njia zote za kupanga madirisha kwenye kioo kizima, na nimeipa madirisha ya chuo kimoja. Kwa nyumba inajibu. Kwa chuo imenyamaza, na Jumatatu tunakata. Nina swali, ila najua lazima niulizwe kwanza."

"Huyo ndiye," mjomba akasema. "Huyo namjua."

Ikabaki kubandika kipande cha programu. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo Chapchap alipofanya kosa ambalo mshonaji hawezi kulifanya, wala mpishi, wala dereva. Programu yake ilikuwa na mkia. Mwili ulisema: hizi hapa njia zote za kupanga. Mkia ulisema: tupa zenye masalia mengi, kisha niletee moja tu iliyo nzuri. Mkia wenyewe ulikuwa na mistari miwili mirefu, mibaya, kama shati lililochomoka nyuma ya suruali. Akiwaza ule mstari wa Sikio uliotulia, akaona haya. Akaukata mkia. Kilichobaki kilikuwa kifupi, kizuri, cha kupigwa picha. Akabandika, akabonyeza.

Alichosahau ni Kasuku.

Kasuku ni roboti wa jukwaa. Ukibandika kipande cha programu, yeye anakiendesha na kuandika jibu lake chini. Kwa Bibi Chaki alitoa fumbo lililojazwa. Kwa Taa Nyekundu alitoa maduara matatu, moja la rangi unayoijua. Sasa, orodha mvivu haina madhara kwa mtu yeyote mpaka atokee mwenye pupa. Kasuku alikuwa na pupa ya kasuku. Hakuomba njia moja wala tano. Aliomba zote.

Mchoro wa kwanza ukatokea: mstatili mkubwa, ndani yake mistatili midogo, kila mmoja na jina lake, Darasa la Kwanza, Darasa la Pili, Darasa la Tatu. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa kumi. Ukurasa ukajaa, ukafunguka mwingine, ukajaa. Michoro ikawa inaporomoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka, na kila mchoro ulipotua, simu za wanajukwaa, popote walipokuwa duniani, zilitoa mlio.

"Jamani, nani kaacha bomba wazi?" akaandika Sikio, na neno lake likafunikwa palepale na michoro.

"Simu yangu imetetemeka mpaka imejitupa chini ya meza," akaandika Bibi Chaki. "Mgeni huyu ana mengi ya kusema."

"Na anaitwa Chapchap," akaandika mwingine. "Hakudanganya."

Macho yalimtoka Chapchap kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mkono ukaenda wenyewe kutafuta pa kufuta, ukakumbuka, ukarudi mapajani. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya bado yalikuwa yanamwagwa na kasuku asiyechoka.

Mjomba aliutazama ule mporomoko kwa heshima. "Wote hao ni wewe?"

"Wote ni mimi."

"Basi umejitambulisha."

"Mjomba, nazima. Nazima kompyuta, naenda nyumbani, Jumatatu naenda mapokezini, na huku sirudi tena." Kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi.

"Ukizima hapa, na kule inazimika?"

"Hapana."

"Basi unamzimia nani? Kioo kikivunjika mbele ya mteja, huwa tunakimbia?"

"Tunachukua ufagio," Chapchap akasema kwa sauti ya mtu anayetapika.

"Haya."

Akaandika, herufi moja moja: "Ni mimi. Nilikata mkia wa programu ili ionekane nadhifu. Nimewaharibia Jumamosi. Samahanini."

Mara mporomoko ukakatika, kana kwamba mtu amefunga mlango wa banda la kuku. Mama Funguo, aliyelianzisha jukwaa lile na ambaye huandika kwa nadra kama mvua ya kiangazi, alikuwa ameingia.

"Kasuku nimemfumba mdomo," akaandika. "Chapchap, keti, usiondoke. Mimi sikumwekea kikomo kwa sababu watu wote huja na mkia. Wewe ndiye wa kwanza kuja bila. Na fankshoni yako nimeisoma: ni nzuri, inanyooka kama rula. Sasa, desturi ni desturi. Taa Nyekundu, zamu yako kuuliza."

Chapchap akarudia kusoma "ni nzuri, inanyooka kama rula". Akamwonyesha mjomba kwa kidole.

Upande wa pili Taa Nyekundu naye hakuwa na raha. Lilikuwa ndilo swali lake la kwanza mbele za watu. Chini ya skrini pakatokea maneno *Taa Nyekundu anaandika*, yakapotea, yakatokea tena, yakapotea.

"Nyekundu hiyo," akaandika Sikio. "Mkae kwenye mstari."

"Nikiwaka kijani mtaniheshimu," Taa Nyekundu akajibu, na utani ukaonekana umemfungua. Swali likaja:

"Vioo mimi sivijui. Nimetazama michoro ya Kasuku, si yote, sitegemei kuishi miaka mingi kiasi hicho. Mchoro wa kwanza, dirisha la Darasa la Kwanza liko kushoto, la Darasa la Pili liko kulia. Mchoro wa pili, la Pili limekwenda kushoto na la Kwanza limekuja kulia, na hakuna kingine kilichosogea. Vipimo naona ni vilevile. Kwa watu wa vioo, hiyo ni mipango miwili? Nauliza kweli. Huenda kuna kitu kwenye kioo ambacho mimi sikioni."

Chapchap akaanza kujibu kwa kujiamini: "Ndiyo, ni miwili, kwa sababu kila dirisha lina..." Vidole vikasimama hewani. Vikakaa hewani. Kwenye jukwaa watu wakaona *Chapchap anaandika*, na baadaye wakaona haandiki.

"Mjomba," akasema polepole. "Kioo cha Darasa la Kwanza na cha Darasa la Pili. Ukishakata, unajuaje kipi ni kipi?"

"Nabandika karatasi yenye jina."

"Kabla hujabandika?"

"Kabla sijabandika ni vioo viwili."

"Na ukivibadilisha?"

"Nivibadilishe vipi?" Mjomba akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kuona kama ana homa. "Nimekwambia ni vioo viwili."

Ndipo akaliona, lote kwa pamoja, mpaka akasimama. Programu yake aliianza na nyumba za watu. Kwenye nyumba, dirisha la jikoni si la sebuleni na la sebuleni si la bafuni, basi kila kipande alikipa jina tangu mwanzo, kwa upendo, kama mzazi. Haikumdhuru. Lakini chuo kina madirisha mengi yaliyofanana kama punje, na programu yake ilikuwa inayabadilishabadilisha majina, kila mara ikidhani imegundua mpango mpya. Ni kama mtu anayepanga sahani kabatini, akaitoa ya juu akaiweka chini, akarudi nyuma akasema: kabati jipya hilo. Kisha anaanza tena. Mkia wa programu ulikuwa unatupa mpango mbaya, unaletewa uleule umevaa majina mengine, unautupa, unaletewa tena. Haikuwa inafikiri. Ilikuwa inazunguka. Na kama asingeukata mkia kwa ajili ya urembo, michoro ile isingetoka nje hata mtu wa taa za barabarani akaiona.

Akajibu: "Hakuna tofauti. Kioo hakijui kinakwenda darasa gani."

Kisha akaongeza: "Taa Nyekundu, asante. Lile swali nililotaka kuwauliza, umelijibu."

Sijui kama umewahi kuona watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wakifurahia kosa la mtu kwa dhati. Walifurahi kama wamepata mtoto. Bibi Chaki aliandika kwamba mafumbo yake nayo yana ugonjwa huohuo, anakwenda kuyachunguza sasa hivi na asisumbuliwe. Taa Nyekundu aliandika, "Kumbe sikuuliza ujinga," na watu wakamwambia aliuliza, ndiyo maana swali likafaa. Sikio akataka kujua kitu kingine: mkataji anajuaje kama amekata vizuri kabla ya kuvunja?

"Mwambie tunasikiliza," mjomba akasema, tayari amevuta kiti. "Kisu kikipita vizuri kioo kinanong'ona. Kikipita vibaya kinasaga meno."

Chapchap akaandika hivyohivyo. Sikio akajibu kwamba amesimama alipokuwa, ameweka simu kifuani, na anaomba, kama haiwi shida, mjomba amrekodie minong'ono hiyo, maana maisha yake yote anatafuta namna ya kuifundisha mashine tofauti kama hiyo.

"Ananiita mjomba?" mjomba akauliza.

"Amekuita mjomba."

"Huyo kalelewa vizuri," mjomba akasema, akashuka kwenda kutafuta kioo cha kurekodia, akaacha chai yake.

Chapchap alibaki na programu. Majina akayang'oa mwanzoni na kuyapeleka mwishoni kabisa, pale mjomba anapobandika karatasi. Mwanzoni akaacha vipimo tu: saizi hii, vipande kadhaa, saizi ile, vipande kadhaa. Mkia akaurudisha, mirefu mistari yake na mibaya vilevile, akaupenda. Akabonyeza. Feni haikuwahi hata kuvuta pumzi. Mpango ulikuwa kwenye skrini.

Akautazama muda mrefu, akihofia kwamba ukiangaliwa sana utabadilika. Haukubadilika, ndiyo sifa ya mtindo wenyewe. Kisha akaona kwamba kwenye kona ya kioo kimoja limebaki salio dogo la mraba. Akachukua futi kamba, akapima kitu humo chumbani, akapima tena, akaongeza kipande kimoja kwenye oda.

Jumatatu bosi alivaa miwani, akausoma mpango kando ya meza ya kukatia, kidole kikipita juu ya kila mstatili. Mafundi walisimama na glavu zao. Kidole kikafika kwenye kona, kikasimama.

"Kipande cha hapa hakipo kwenye oda ya chuo. Hili dirisha ni la nani?"

"La ofisi ya juu, mama," Chapchap akasema. "Limetosha kwenye masalia."

Bosi akamtazama juu ya miwani, akatazama ngazi, akarudi kwenye mpango.

"Umejipangia dirisha la huko juu."

Chapchap akapima. Kila mtu alimngoja apime.

"Nimejipangia, mama."

"Basi anza na hilo," bosi akamwambia mjomba, "nilichoka kusema nitalibadilisha."

Mjomba akachovya kisu kwenye mafuta, akainama. Kioo kikanong'ona.

Siku chache baadaye, Chapchap akiwa ameketi chini ya dirisha lisilo na ufa, simu ikalia mlio wa jukwaa. Mgeni amebisha hodi. Utambulisho wake ulianza: "Mimi si mtu mkubwa. Naandika programu ya lifti." Chini yake kipande cha programu, kifupi, kinatetemeka, lakini mkia wake ulikuwepo, na Kasuku, ambaye siku hizi ana kikomo, alitoa mistari michache na kunyamaza kwa adabu.

Mama Funguo akaandika: "Chapchap, zamu yako."

*Chapchap anaandika*, skrini ikasema. Ikaacha kusema. Ikasema tena.

"Mgeni, usihofu," Bibi Chaki akaandika. "Ni Chapchap huyo. Chemsha chai, ikichemka ataanza."

Lakini safari hii yeye hakuwa akipima maneno. Alikuwa anaifikiria lifti kwa mara ya kwanza maishani mwake, kitu alichokipanda mara ngapi bila kukiuliza jambo, na akagundua hakijui hata kidogo. Akaandika:

"Karibu sana. Lifti ikiwa haina mtu, usiku au mchana, inasubiri ghorofa ya ngapi? Na ni nani aliyeiamulia?"

Kule upande wa pili, *Mgeni anaandika*, skrini ikasema, na haikuacha.